Methadoni Haiagwi kwa Wiki Moja

Heroini humtoka mtu kwa kelele, methadoni humtoka kwa hila. Nililijua hilo nikiwa seli, wikendi moja ya masika ya mwaka 2018, mwaka ule ambao Mto Sabaki ulifurika ukawatoa watu majumbani huko Magarini. Tulikamatwa kwenye msako karibu na ufuo wa Bofa, mimi na vijana wengine wa maskani. Sikuwa na kete wala bomba la sindano. Nilikuwa na kadi ya kliniki ya methadoni ya Malindi, nayo ilitiwa kwenye bahasha pamoja na mkanda wangu na kamba za viatu, bahasha ikafungiwa kabatini.

Usiku wa Ijumaa wenzangu wakaanza. Anayetumia unga, yaani heroini, akikosa, arosto haimchelewei: saa chache tu baada ya kete ya mwisho miayo inafuatana, makamasi yanatiririka, machozi yanatoka bila kilio, vinyweleo vinasimama, kisha tumbo linafunguka. Mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilikula chakula cha pale, nikawashikia ndoo, nikawasogezea maji, mpaka mmoja akaniita daktari. Akaniambia, "Wewe ushapona. Methadoni ishakuponya." Nusu ya moyo wangu ilimsadiki.

Jumamosi usiku sikupata usingizi. Jumapili jioni wale wenzangu walianza kuulizana habari za chakula, rangi imewarudi, na mimi ndiye niliyekuwa nimejikunja pembeni. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Hujificha kwenye nyama na ini, hutoka kidogo kidogo, na ndiyo sababu dozi moja hutosha siku nzima na zaidi. Lakini deni lake huja kwa mwendo huohuo. Arosto yake huanza siku ya pili au ya tatu, hupanda mpaka katikati ya wiki, na huweza kukaa wiki mbili, tatu au zaidi, wakati arosto ya unga kwa wengi imekwisha makali ndani ya wiki. Jumatatu nilisimama mbele ya hakimu nikitetemeka, na karani akanitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kutoa hukumu yake. Mashtaka hayakusimama. Niliachiwa, nikarudishwa kwetu Bofa kwa tuktuk.

Jumanne ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Nilijifunika mablanketi katika joto la Kilifi na bado meno yaligongana. Miguu ilipiga mateke yenyewe. Mifupa iliwasha, na huwezi kukuna mfupa. Harufu ya mahamri ya jirani, ambayo siku nyingine hunitoa kitandani, ilinikimbiza msalani. Juu ya hayo yote kulikuwa na huzuni isiyo na sababu, nzito, ambayo watu hawaitaji wanapoelezea arosto kwa sababu haionekani kama matapishi.

Mama alichemsha mwarobaini. Baba mkubwa alikuja baada ya magharibi, akaketi kitandani, akasema jambo ambalo wakati ule lilionekana la busara. "Mwanangu, siku hizi zote umekaa bila dawa. Ugumu umeshauonja. Sasa urudi Malindi ukanywe tena, uanze upya? Maliza hapa hapa." Alikuwa amesikia habari za nyumba moja upande wa Mombasa inayosafisha damu kwa wiki moja. Bei yake ilikuwa ya kuuza mbuzi, naye alikuwa tayari kuwauza. Sijapata kumlaumu. Alimwona kijana wa ndugu yake akinywa kikombe kila siku kwa miaka, na hakuna aliyemweleza kikombe kile kinafanya nini.

Aliyemweleza ni sista wa kliniki. Walikuwa wananitafuta kwa simu kwa sababu mgonjwa akikosa dozi hufuatiliwa. Mama aliweka simu kwenye spika. "Mama, shikamoo. Huyo hajapona, huyo dawa inamtoka. Kama anataka kuacha tutamwachisha, lakini si hivi. Mkimpeleka huko akatoka baada ya wiki, atautafuta unga, na mwili wake hautauweza tena." Baba mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo nafikiri ndilo swali la wazee wote wa pwani: "Kwani damu ikishakuwa safi, unga atautafutia nini?"

Jibu la swali hilo tuliliona kwa macho Desemba 2010, kama kuna anayekumbuka. Mwezi ule unga ulipotea pwani nzima. Sababu zilisemwa nyingi, maskani kila mtu alikuwa na yake. Lililo hakika ni kwamba kuanzia Mombasa mpaka Malindi walioutegemea waliamka asubuhi moja hakuna cha kununua, na ikawa arosto ya mji mzima. Hospitali zilijaa watu ambao hazikujua ziwafanyie nini, kwa kuwa methadoni haikuwapo bado nchini. Wengine walimeza bugizi, vile vidonge vya usingizi, wengine walijidunga chochote kilichoweza kuyeyushwa. Waliovumilia, miili yao ilisafika. Nilikuwa miongoni mwao: nilianza kula, nikaongezeka uzito, mama akatoa sadaka. Unga uliporudi, maskani kwetu ilijaa kama zamani, nami nimekaa mahali pangu pale pale. Kama kusafika damu ndiko kupona, pwani yote ingepona mwaka ule.

Kwetu balaa hili ni la siku nyingi. Heroini ya kahawia, brown sugar, ilianza kuvutwa Malindi na Mombasa tangu miaka ya 1980, wakati hoteli za ufuoni zilipokuwa zimechangamka na pesa za kigeni zikizunguka mchangani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe, ule wa kuitwa white crest, na pamoja nao sindano, na pamoja na sindano virusi. Mimi niliingia kwa mlango uleule wa wengi: kulinda nyumba za Wazungu za likizo pale Bofa, pesa bila kazi nyingi, wenzangu wakiwa na unga. Ghasia za uchaguzi zilipowafukuza watalii mwanzoni mwa 2008, mshahara ulikatika na kete haikukatika. Sina la kuongeza hapo, hadithi hii kila mtaa unayo.

Ila nimtaje rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye madrasa. Familia yake ilikuwa na uwezo. Walimpeleka kwenye kituo cha kurekebishia tabia, geti limefungwa, simu hakuna, akakaa miezi. Alirudi amenenepa, mashavu yanang'aa, akasomewa dua, watu wakala pilau. Alinikumbatia akaniambia niache kikombe changu cha methadoni, nifanye kama yeye, maana methadoni ni unga wa serikali. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalisemwa mbele ya mama. Haikupita wiki wakamkuta nyuma ya jengo ambalo halijamalizika, sindano ikiwa mkononi. Mtaani walisema alizidisha. Waliokuwa naye wanajua hakuzidisha: alinunua kiasi kilekile alichokizoea kabla ya kuingia kituoni. Kiasi hakikubadilika, mwili ndio uliobadilika. Mwili unaotumia kila siku hujenga ukuta, na miezi ya kukaa bila kutumia huubomoa. Kile kilichokuwa kikimtoa arosto tu sasa kilitosha kumfungia pumzi. Wataalamu wa uraibu wanalijua jambo hili vizuri: siku za mwanzo baada ya kutoka kituoni au jela ndizo hatari kuliko hata siku za matumizi. Kwenye ile karamu hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyekuwa na naloksoni, dawa inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidiwa ikipigwa mapema.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, liliwaambia madaktari kwamba wagonjwa wengi wa uraibu huu washauriwe kudumu kwenye dawa kuliko kuondolewa sumu peke yake. Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Katikati ya miaka ya 1960 Vincent Dole na Marie Nyswander, madaktari wa New York, wakaonyesha kwamba mraibu wa heroini akipewa dozi ya kutosha kila siku anaweza kwenda kazini, kulea watoto, kulala usiku. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kufika kwetu. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza Februari 2011. Kenya ikaanza Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Na Februari 2015 ikafunguliwa kliniki ya Hospitali ya Malindi. Vijana wengi walifika pale wakiongozwa na The Omari Project, shirika lililokuwa likiwashughulikia waraibu Malindi tangu 1995, enzi ambazo wengine walikuwa wakiwashughulikia kwa mawe.

Dawa yenyewe ni bure. Unafika dirishani, unatambuliwa, unapimiwa, unakunywa mbele ya mhudumu, kisha anakusemesha ili ahakikishe umemeza. Dozi ya kwanza huwa ndogo, miligramu 20 hivi, na hupandishwa taratibu mpaka arosto na hamu vinyamaze. Kwa wengi hutua kati ya 60 na 120. Kisichokuwa bure ni barabara. Kutoka Kilifi hadi Malindi ni karibu kilomita 60: Tezo, Matsangoni, Gede, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi pamoja. Aprili 2020, kaunti yetu ilipofungwa kwa sababu ya korona pamoja na Mombasa na Kwale, matatu zilipakia abiria wachache na nauli ikapanda. Kwenye foleni nilizisikia sababu za watu kuacha dawa. Wachache walisema wamepona. Wengi walisema makanga amewashusha njiani.

Kuna sababu nyingine inayomtia mtu arosto hali anakunywa dozi yake kamili, nayo inafaa ijulikane. Mama mmoja alipiga kelele dirishani kwamba dawa yake imetiwa maji. Alikuwa anatoka jasho, anapiga miayo, na kweli ilikuwa arosto. Sista hakubishana naye. Alimuuliza kama ameanza dawa nyingine, ikadhihirika ameanza tiba ya kifua kikuu. Rifampisini iliyo kwenye tiba ile hulifanya ini liichome methadoni haraka, na baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo. Dawa ni kumwambia daktari mapema ili dozi iongezwe. Angekwenda nyumbani na hasira zake, nadhani asingerudi.

Niliporudi baada ya yale ya seli sikupewa kikombe changu cha zamani. Ukikosa siku kadhaa, ukuta wa mwili umeshaanza kubomoka, na dozi yako ya kawaida inaweza kukuua, kwa hiyo unaanzishwa chini. Nilinung'unika sana. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nafanya kazi kwa fundi wa mashua, nilikwenda mwenyewe kumwambia daktari nataka kupunguza. Aliniuliza naishi na nani, nalala wapi, mkojo wangu umeonyesha nini miezi ya karibuni, na kwa nini nataka. Nikamwambia watu wanasema. Akacheka kidogo. "Watu wanasema si sababu ya tiba. Nenda ukanitafutie nyingine." Nilirudi na nyingine: nataka kwenda na mashua Lamu nisirudi mbio kufuata kikombe. Hiyo aliikubali.

Kupunguza ni kuteremka mnazi. Uliupanda kwa kukanyaga vikato, na ni kwa vikato hivyohivyo utateremka, maana anayeruka hufika chini haraka, ila hafiki mzima. Dozi hukatwa asilimia 5 hadi 10, unasubiri wiki moja au mbili, wengine zaidi, mwili unakubali, unakatwa tena. Huko juu sikuhisi kitu. Kazi ilianza nilipofika kwenye miligramu chache, ambapo kila punguzo dogo ni sehemu kubwa ya kilichobaki: usingizi ukakatika, huzuni ile ya Jumanne ikachungulia. Nikaomba tusimame. Daktari akasema tusimame. Hapo nikaelewa tofauti ya kuachishwa na kuacha. Aliyekufungia geti hakuulizi kama tusimame.

Wanaonijia kuniuliza kuhusu vituo vya kuondoa sumu mwilini, sasa nawaambia waende na maswali kabla ya pesa. Usiku yupo nani, mganga aliyesajiliwa au mlinzi na rungu? Wanatumia dawa gani? Aliye kwenye heroini huweza kupitishwa kwa methadoni inayopungua au kwa buprenofini, na klonidini hupunguza jasho na kutetemeka. Kituo kinachojibu kwamba hapa ni maji baridi na maombi, maombi mtu anaweza kuyapata nyumbani. Je, watazungumza na kliniki yake? Aliye kwenye methadoni akipewa buprenofini kabla ya wakati, hutumbukia kwenye arosto kali muda mfupi baada ya kuitumia, na wasiojua hilo wasikabidhiwe mtu wako. Mjamzito asiachishwe methadoni, maana arosto yake humfikia aliye tumboni. Bugizi na pombe juu ya methadoni hufunga pumzi, kwa hiyo anayekuuzia vidonge vya usingizi "vya kusaidia arosto" anakuuzia jeneza. Na swali ambalo vituo vingi hulikwepa: siku ya pili baada ya kutoka, ni nani atampigia simu? Kama hakuna jibu, ile nyumba ni hoteli ghali tu.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, foleni iliingiwa na hofu ambayo nilikuwa sijaiona tangu ile ya 2010. Huduma hii kwa miaka yote imetegemea sana fedha za wafadhili, Marekani ikiwa mbele. Watu ambao kwa miaka hawakugusa unga walianza kuuliza, kwa sauti za chini, kete siku hizi inauzwaje. Hawakuuliza kwa tamaa. Walikuwa wanapiga hesabu ya siku ya tatu. Bahari hii yetu imewahi kupitisha jahazi moja lenye kilo 1,032 za heroini, lililonaswa na manowari ya Australia Aprili 2014 si mbali na Mombasa, na mwenye mzigo kama ule hangojei mfadhili. Dawa ya kuwatoa watu kwenye mzigo huo haifai kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Serikali ya kaunti na ya taifa ziitie kwenye bajeti yao, kama zinavyotia dawa ya kisukari, na ziisogeze karibu na watu wanaoshushwa njiani na makanga.

Mimi bado nakunywa, kidogo sana, na sijapanga tarehe ya kuacha. Mama ameacha kuuliza. Baba mkubwa siku hizi ndiye anayewaeleza wazee wenzake msikitini kile kikombe kinafanya nini, tena anaeleza kwa madoido kuliko sista.

Polisi watakaosoma haya: kadi ya kliniki si ushahidi wa kosa. Mkiikuta mfukoni mwa mahabusu, pigeni simu kliniki siku ileile, aletewe dawa au apelekwe. Familia: kabla hamjauza mbuzi kulipia wiki moja ya kusafisha damu, nendeni kwanza mkaongee na wahudumu wanaomjua mgonjwa wenu. Na asiye na pa kuanzia, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya simu ya ushauri, 1192. Haitozi pesa.